Je, mkutano wa darasa ni sehemu ya imani yetu ya Kimethodisti, au ni desturi ya Waingereza wa karne ya 18?

Mtunza Daftari anauliza:

Ndugu na dada, nawasalimu katika jina la Bwana. Naleta kwenu jambo ambalo limelishughulisha baraza la ushirika wetu kwa miezi minne sasa bila kufikia mwafaka, nami naamini wengi wenu mmelipitia kwa namna moja au nyingine.

Kazi yangu kanisani ni kuhesabu waliohudhuria ibada na kuandika idadi yao katika daftari. Nimeifanya kwa uaminifu kwa miaka 11. Mwaka huu mzee mmoja ambaye siku zote huketi benchi la tatu, upande wa dirisha, alikosa kuja Jumapili saba mfululizo, na mimi sikugundua, kwa sababu nafasi yake ilikaliwa na wengine na idadi katika daftari langu haikupungua. Tulipopata habari zake, tulikuta kwamba mkewe alipatwa na kiharusi, na kwamba yeye ndiye anayemgeuza kitandani, anayemlisha na kumwosha, peke yake, usiku na mchana. Nilipomwuliza kwa nini hakutuma habari, alinijibu kwamba hakujua ni nani hasa wa kuambiwa. Nilirudi nyumbani nikalifungua lile daftari, nikaona kurasa nyingi za tarakimu, na jina hata moja hakuna.

Ndipo nilipopendekeza turudishe mikutano ya darasa, yaani vikundi vya watu kumi na wawili hivi, kila kimoja na kiongozi wake, vinavyokutana kila juma na ambamo kila mtu huulizwa hali ya nafsi yake. Viongozi wa madarasa bado tunao kwa majina, na majina hayo husomwa mbele ya ushirika kila mwaka, lakini cheo kimebaki bila kazi.

Waliopinga walileta hoja mbili. Kwanza, walisema kwamba darasa ni utamaduni tu: John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliishi miongoni mwa watu wa zama nyingine, na kumtaka mtu mzima aeleze udhaifu wake mbele ya wenzake ni desturi ya zama hizo, wala si Injili, hivyo tusiwabebeshe watu mzigo ambao Kristo hakuwabebesha. Pili, walisema kwamba watu wa leo wanathamini faragha yao, wanakuja kanisani kuabudu na si kuhojiwa, na tukiwalazimisha watakwenda mahali wanapoweza kuketi nyuma, kusikiliza na kuondoka bila kuulizwa lolote.

Waliosema hayo ni watu ninaowaheshimu, na siku hiyo sikuwa na jibu. Naomba mnisaidie: katika mkutano wa darasa, ni kipi kilicho cha imani na ni kipi kilicho cha utamaduni? Na je, unaweza kufanyika leo bila kugeuka kuwa mahakama?

Msoma Historia anajibu:

Ndugu Mtunza Daftari, hoja ya kwanza ya wenzako si ngeni. Wesley mwenyewe aliletewa hoja inayofanana nayo sana, na mwaka 1748, alipomwandikia kasisi Vincent Perronet maelezo marefu juu ya watu walioitwa Wamethodisti, aliijibu bila kujitetea kupita kiasi. Watu walimwambia kwamba mikutano hiyo haikuwapo hapo mwanzo na kwamba Maandiko hayaitaji. Alikubali. Alisema kwamba madarasa hayakuamriwa moja kwa moja na Mungu, bali ni misaada ya busara, inayotokana na akili na uzoefu, ya kutekeleza kanuni pana za Maandiko kulingana na mazingira ya watu, na kwamba yeye na wenzake walikuwa tayari kubadilisha chochote pale watakapoonyeshwa njia iliyo bora. Kwa hiyo wenzako wakisema kwamba umbo la darasa ni la utamaduni, wanasema alichokwisha kukisema mwanzilishi wake. Swali linalobaki ni hili: kanuni ile pana ambayo darasa liliitumikia, ninyi leo mnaitumikia kwa njia gani nyingine?

Naomba nisimulie jinsi jambo lenyewe lilivyoanza, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba Wesley aliketi mezani akabuni mfumo wa kuwachunguza waumini. Haikuwa hivyo. Tarehe 15 Februari 1742 Wamethodisti wa mji wa Bristol, Uingereza, walikutana kuzungumzia deni la nyumba yao ya ibada. Mmoja wao, Kapteni Foy, alipendekeza kila mwanachama atoe peni moja kwa juma hadi deni liishe. Mwingine akasema kwamba wengi ni maskini na hawawezi hata hiyo peni moja. Foy akajibu, kwa maana hii: basi niwekeeni kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, wakiweza kutoa, vyema, na wasipoweza, nitatoa kwa ajili yao pamoja na sehemu yangu, na kila mmoja wenu awatembelee majirani zake kumi na mmoja kila juma, apokee walicho nacho na kujazia kinachopungua.

Ndugu yangu, hapo ndipo darasa lilipozaliwa: katika deni, na katika mtu mmoja aliyejitolea kubeba pungufu la wenzake. Baada ya muda, waliokuwa wakizunguka kukusanya peni walianza kuleta habari kwamba fulani haishi inavyompasa, fulani mgonjwa, nyumba fulani hakuna amani. Wesley aliposikia hayo alitambua kwamba hicho ndicho kitu alichokuwa akikitafuta kwa muda mrefu, kwa maana watu walikuwa wamekuwa wengi na hakuweza tena kumjua kila mmoja. Ziara ikatangulia, na swali juu ya nafsi likaja baadaye, likiulizwa na mtu ambaye tayari alikuwa amekwisha kuketi nyumbani kwa anayeulizwa.

Hata mkutano wenyewe ulikuja kwa sababu za kawaida kabisa. Kuzunguka nyumba kwa nyumba kulichukua muda mwingi. Baadhi ya wanachama walikuwa watumishi wa ndani, na mabwana zao hawakuruhusu watumishi kupokea wageni. Wengine, hata pale waliporuhusiwa, hawakupata nafasi ya kuzungumza bila kusikilizwa na watu wa nyumba. Tena, ulipotokea ugomvi baina ya wawili, ilifaa waonane uso kwa uso. Ndiyo maana wakakubaliana kukutana pamoja mahali pamoja. Mambo haya yote ni ya mahali na wakati, na hakuna anayelazimika kuyanakili.

Yako mambo mawili ambayo baraza lenu linayachanganya, na mchanganyiko huo ndio unaowaogopesha watu. Darasa lilikuwa la kila mwanachama, wanaume na wanawake pamoja, na sharti la kuingia lilikuwa moja tu, kama lilivyoandikwa katika Kanuni Kuu ambazo Wesley aliwapa Wamethodisti mwaka 1743: hamu ya kuikimbia ghadhabu itakayokuja na kuokolewa kutoka katika dhambi. Mtu hakuulizwa kama ameshafika. Aliulizwa kama anataka kwenda. Lakini kulikuwa pia na vikundi vingine, vidogo zaidi na vya hiari, ambamo wanaume walikutana na wanaume na wanawake na wanawake, waliooa kwao na wasiooa kwao, na huko ndiko kulikokuwa na yale maswali makali ya mwaka 1738 juu ya dhambi ulizozitenda tangu tulipoonana mara ya mwisho na majaribu uliyokutana nayo. Anayemwambia mshiriki wa kawaida kwamba darasa ni mahali pa kuungama dhambi zake zote mbele ya watu kumi na wawili amechukua chakula cha watu wachache walioomba wenyewe, akakilazimisha kwa wote.

Kazi ya kiongozi wa darasa, kwa mujibu wa Kanuni hizo, ilikuwa kumwona kila mtu wake angalau mara moja kwa juma, kumwuliza nafsi yake inaendeleaje, kumshauri, kumkaripia, kumfariji au kumtia moyo kama hali inavyohitaji, kupokea alichopenda kutoa kwa ajili ya maskini, kisha kumpelekea mhubiri habari za wagonjwa na kuwapa watunza fedha kilichokusanywa. Tazama ni nani aliyefanya kazi hiyo. Hakuwa kasisi. Mhubiri alikuwa safarini kwenye mzunguko wake, yaani vituo alivyovizungukia kuhubiri, mara nyingi kwa majuma kadhaa, na aliyejua kwamba mzee wa benchi la tatu haonekani alikuwa mfinyanzi, fundi viatu, mjane, mwanamke aliyekuwa akifua nguo za watu. Wahubiri walipoanza kukaa mahali pamoja, katika karne ya 19, watu waliona kwamba kazi ya kuwajua washiriki sasa ni ya mchungaji, na darasa likanyauka taratibu bila ya mtu yeyote kulipiga marufuku.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba peni ni utamaduni, siku ya juma ni utamaduni, hata namna ya kuuliza ni utamaduni. Kwamba kila mwana wa Mungu awe na mtu anayejua hali yake kabla ya Jumapili ya saba, hilo silioni kuwa la utamaduni wowote. Limo katika Waraka wa Yakobo na katika Waraka kwa Waebrania, nalo litadaiwa kwetu.

Aliyenyamaza anajibu:

Nimesoma maelezo ya ndugu yetu hapo juu na nimejifunza mengi. Hata hivyo naomba mnisikilize, kwa sababu mimi ni mmoja wa wale ambao baraza la Ndugu Mtunza Daftari linawaita watu wa faragha.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kikundi cha namna hii, katika ushirika ambao sitautaja. Tulikuwa tisa. Jioni moja nilisema jambo juu ya ndoa yangu ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nakumbuka kwamba niliposema, kiongozi wetu alikuwa akikunja na kukunjua ukingo wa kitambaa cha meza, na kwamba hakuna aliyenikatiza. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Jumapili ya pili yake, mama mmoja ambaye hakuwa katika kikundi chetu alinishika mkono mlangoni mwa kanisa, akaniambia kwa upole mwingi kwamba ananiombea mimi na mume wangu. Hakukusudia mabaya. Lakini nilijua hapo hapo kwamba maneno yangu yalikuwa yamekwisha kutembea, na kwamba yalitembea yakiwa yamevaa nguo ya maombi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mwenye kuleta hoja ya darasa huitumia methali hiyo mara nyingi. Ni kweli. Lakini anayejifungua huchagua mkunga, wala hajifungulii njiani. Tangu siku ile nilikaa miaka mitatu bila kuingia katika kikundi chochote, nikawa huyo huyo mtu anayeketi nyuma na kuondoka kabla ya wimbo wa mwisho, na katika miaka hiyo mitatu hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza kwa nini.

Naomba basi, kabla hamjagawana majina, mkubaliane juu ya siri kwa maneno yaliyo wazi, na mkubaliane pia kwamba kumtaja mtu katika maombi nje ya kikundi bila ruhusa yake ni kuitoa siri yake. Kiongozi atakayelivunja hilo aachie nafasi, hata akiwa mtu mpendwa kiasi gani. Mtu awe na haki ya kusema "leo sina la kusema" na neno hilo lipokewe bila kuangaliana. Na pale ambapo maisha ya mtu yamo hatarini, au mtoto anaumizwa, kila mmoja ajue tangu siku ya kwanza kwamba jambo hilo halitafichwa, ili asije akadhani amesalitiwa.

Nasema hayo si kwa kupinga. Nataka lirudi. Nilipata mle, kwa jioni moja, kitu ambacho sijakipata katika ibada yoyote.

Mchungaji wa Mzunguko anajibu:

Dada Aliyenyamaza, pole sana, na asante kwa kuyasema. Nimeyasoma maneno yako mara mbili, na sentensi yako juu ya miaka mitatu ya kutoulizwa imenihukumu mimi binafsi.

Napenda kuongeza jambo ambalo naona halijaguswa. Tumekuwa tukizungumza kana kwamba utamaduni uko nje, na darasa liko ndani likitulinda nao. Historia yetu haikubali hivyo. Mwaka 1743 Wesley alikagua ushirika wa Newcastle, Uingereza, na kuwaondoa watu 64, na katika shajara yake aliandika sababu zake kwa hesabu: wawili kwa kulaani na kuapa, wawili kwa kuivunja siku ya Bwana, 17 kwa ulevi, wawili kwa kuuza pombe kali, watatu kwa ugomvi, mmoja kwa kumpiga mkewe, watatu kwa uongo wa makusudi, wanne kwa matukano na masengenyo, mmoja kwa uvivu, na 29 kwa wepesi na uzembe. Orodha hiyo nimeitafakari kwa muda mrefu. Walevi 17, na aliyempiga mkewe mmoja. Je, tuamini kwamba katika ushirika ule wote mwanamume aliyempiga mkewe alikuwa mmoja tu? Mimi siamini. Naamini kwamba ulevi ulionekana barabarani na kipigo kilibaki nyuma ya mlango, na kwamba waliouliza walikuwa na masikio ya zama zao.

Mfano ulio mzito zaidi ni ule wa Marekani. Wesley aliandika dhidi ya utumwa mwaka 1774, na barua aliyomwandikia William Wilberforce, mbunge wa Uingereza aliyepinga biashara ya watumwa, siku chache kabla ya kufa kwake mwaka 1791 ilimhimiza aendelee kuupiga vita. Hata hivyo Wamethodisti wa Marekani walikuwa na madarasa kila mahali, wakiulizana hali ya nafsi kila juma, na ndani ya madarasa hayo walikuwamo watu waliomiliki watu. Waumini weusi wa Philadelphia, akiwamo Richard Allen, waliliacha kanisa la St. George's baada ya kuondolewa magotini wakiwa katika maombi, na mwaka 1816 Allen akawa askofu wa kwanza wa kanisa jipya walilolianzisha. Mwaka 1844 kanisa lile kubwa la Wamethodisti wa Marekani likagawanyika, sababu kubwa ikiwa askofu aliyekuwa na watumwa. Swali liliulizwa kwa uaminifu kila juma, lakini dhambi kubwa iliyokuwa mbele ya macho ya wote haikuwamo miongoni mwa mambo ambayo ilikuwa adabu kuyauliza.

Ndiyo sababu siwezi kukubaliana kikamilifu na Msoma Historia anaposema kwamba namna ya kuuliza ni utamaduni, kana kwamba ni jambo jepesi. Namna ya kuuliza ndiyo inayoamua nini kitafichika. Kiongozi akiuliza tu, "Umeomba juma hili? Umesoma Neno?" atapata majibu mazuri kutoka kwa mtu anayemdhulumu kibarua wake. Kanuni Kuu zinaanza na kutokutenda mabaya, zinafuata na kutenda mema kwa miili na kwa nafsi za watu, na ndipo zinapofika kwenye njia za neema, yaani ibada, Neno, Meza ya Bwana, sala na kufunga. Mimi huona kwamba sisi tumeugeuza mpangilio huo, tukaanzia mwisho na mara nyingi tukaishia hapo hapo.

Juu ya mahakama, Ndugu Mtunza Daftari, hofu ya baraza lako ni halali. Wamethodisti wa kwanza walitoa tiketi za darasa kila baada ya miezi mitatu, zenye jina la mshiriki, na asiyepewa tiketi mpya alijua kwamba amewekwa kando. Sidhani kwamba tiketi inaweza kurudi, wala sitaki irudi. Katika zama ambazo Wamethodisti wa nchi nyingi wamegawanyika tena, safari hii juu ya ndoa na jinsia, hadi Marekani pekee maelfu ya sharika yakaondoka katika kanisa kubwa la Kimethodisti, United Methodist Church, kati ya mwaka 2019 na 2023, nimeona jinsi watu walivyoweza kupiga kura juu ya wenzao ambao hawakuwahi kuketi nao hata kwa saa moja. Sisemi kwamba wangeketi pamoja wangekubaliana. Wesley katika hotuba yake juu ya roho iliyo pana hakuahidi makubaliano. Aliuliza kama hatuwezi kupendana hata pale tusipoweza kufikiri sawasawa. Ninachosema ni kwamba kuachana kwa watu wanaojuana kunauma, na maumivu hayo huwafanya waende polepole.

Mpiga Kinanda anajibu:

Shikamooni wazee wangu. Mimi ni kijana, na katika ushirika wetu ndiye ninayerusha ibada kwenye intaneti, kwa hiyo naomba niseme neno juu ya hoja ya pili, ile ya watu wa leo.

Si kweli kwamba watu wa rika langu hawataki kujulikana. Tunaandika mambo yetu kwenye simu kila siku, mengine ambayo wazazi wetu wangeyaona aibu kuyasema. Tunachokosa ni mtu mmoja yule yule atakayeuliza tena juma lijalo, akikumbuka tulichosema juma lililopita. Kikundi cha simu cha kanisa letu kina watu 140. Mwezi uliopita mama mmoja aliandika kwamba amelazwa, na ndani ya saa moja zilikuja Amina 61, nikazihesabu. Aliporuhusiwa kutoka, alichukua gari la kukodi akarudi nyumbani peke yake. Kila mmoja wetu aliona zile Amina akadhani yuko mtu aliyekwenda.

Hata hivyo nisingependa simu iachwe nje kabisa, kama wazee wengine wanavyotaka. Msoma Historia ametaja watumishi ambao mabwana zao hawakuwaruhusu kupokea wageni. Watu hao bado wapo. Wako walinzi wa usiku, wauguzi wa zamu, wasichana wa kazi wanaoishi nyumbani kwa waajiri wao, na wagonjwa wasioweza kutoka. Kwa mtu kama huyo, kiongozi anayempigia simu kila Jumatano saa ile ile, akamsikiliza kwa dakika 20, ndiye darasa lake. Kupiga simu ni tofauti kabisa na kuandika kwenye kikundi, kwa sababu anayepiga anasubiri jibu la mtu mmoja.

Na kuhusu wanaoondoka kwa sababu ya kuulizwa, mimi naomba mchungaji atuambie ni wangapi wameondoka kwa sababu hawakuulizwa. Rafiki zangu walioacha kanisa nawajua kwa majina, na hakuna hata mmoja aliyekimbia maswali.

Mtunza Daftari anarudi:

Nawashukuru nyote. Nimeyachapa majibu yenu na kuyapeleka barazani, nikaomba yasomwe kwa sauti, na sehemu ya Dada Aliyenyamaza isomwe na mwanamke. Iliposomwa, mzee aliyekuwa mpinzani mkubwa wa pendekezo langu alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba yeye pia aliwahi kusalitiwa hivyo, na kwamba ndiyo sababu alipinga. Hatukuwa tunajua. Tumekuwa naye barazani kwa miaka tisa.

Hatukukubaliana kurudisha madarasa kwa ushirika mzima, na sasa naona kwamba ni vyema tusianze hivyo. Tumekubaliana kwamba kabla ya mkutano wowote iwepo ziara, kwa miezi mitatu, bila swali lolote la nafsi isipokuwa mwenyeji alianzishe mwenyewe. Masharti ya siri yameandikwa karibu kama dada yetu alivyoyapanga, na kila kiongozi ameyatia sahihi. Juu ya maswali yenyewe hatujamaliza, kwa sababu maneno ya mchungaji kuhusu orodha ya Newcastle yaliwagusa akina mama wa baraza, nao wameomba wakae peke yao kwanza na kuandika ni nini ambacho hakijawahi kuulizwa katika kanisa letu. Tumewapa muda.

Tulipogawana majina, kila kiongozi alichagua watu walio karibu na nyumba yake au aliozoeana nao, jambo ambalo ni la kibinadamu. Walibaki wanane ambao hakuna aliyewachagua: wawili wanadaiwa na nusu ya ushirika, mmoja ni mgomvi, mmoja hasikii vizuri, wengine wanaishi mbali, na mzee wa benchi la tatu yumo. Nikamkumbuka Kapteni Foy, nikaomba nipewe hao.

Katika daftari nimepiga mstari chini ya tarakimu za Jumapili iliyopita, na ukurasa unaofuata nimeuandika majina manane, moja moja, kwa nafasi pana kati yao. Nitaanza Alhamisi kwa yule mzee. Nimempigia simu kumwomba ruhusa, naye amenikaribisha, ila ameniomba nifike kabla ya saa mbili usiku kwa sababu mkewe hulala mapema, na kwamba nikipenda nije na mtu mwingine mwenye nguvu, kwa kuwa godoro linahitaji kugeuzwa na yeye peke yake haliwezi.